Mbwa Waliorejeshwa kwa Mazingira

Sina neno baya la kusema juu ya serikali ya nchi yangu. Natanguliza hilo ili msomaji asije akadhani nalalamika. Mimi ni karani wa kata. Serikali imeniajiri, imenipa muhuri, na hata kiti ninachokalia kina namba ya serikali iliyopakwa rangi nyeupe mgongoni. Ninaeleza tu yaliyotokea katika Kata ya Mabonde mwaka ule taifa letu lilipoanza kutunza mbwa kwa njia rafiki kwa mazingira.

Ilianza hivi. Mtukufu Rais alikwenda kwenye mkutano wa mazingira katika nchi moja ya baridi. Alikwenda na ndege mbili, ya pili ikiwa ya mizigo, kwa sababu mkutano ulihusu moshi na ulikuwa mkubwa. Asubuhi moja, akiwa dirishani hotelini, akamwona mwanamke wa nchi ile anatembea na mbwa. Mbwa akachutama, akamaliza haja yake. Yule mwanamke akainama, akakiokota kinyesi kwa mfuko, akaufunga fundo, akaendelea na safari. Redio ya taifa ilituarifu kwamba Rais alitokwa na machozi. Akawageukia waliokuwa naye akasema, "Tazameni watu walioendelea. Sisi tumejitawala miaka yote hii, na mpaka leo kinyesi cha mbwa wetu hakina utaratibu."

Wiki mbili baadaye tukapata Wizara ya Wanyama wa Nyumbani na Hewa Safi. Waziri wake akawa Mheshimiwa Daktari Polikarpo Sanjala, ambaye udaktari alitunukiwa na chuo kimoja baada ya kukizindulia choo. Sheria yake ya kwanza ilikuwa fupi. Kila mwenye mbwa akusanye kinyesi cha mbwa wake kwenye mfuko maalumu wa kijani, aulete ofisi ya kata kila Ijumaa, upimwe na kuandikwa.

Mifuko hiyo ilikuwa ya nailoni. Kwenye semina ya makarani niliuliza kwa adabu kama nailoni haikuwa imepigwa marufuku na serikali hiihii mwaka uliopita. Mwezeshaji akanifafanulia kwamba iliyopigwa marufuku ni nailoni nyeusi. Kiwanda chenye mashine ya kutia rangi ya kijani kilikuwa kimoja tu nchini, na kwa bahati njema mwenyewe alikuwa shemeji wa Waziri, kwa hiyo mawasiliano hayakuwa na shida.

*

Ofisi yangu ni chumba kimoja chenye dirisha moja. Humo tunaandikisha vizazi, vifo, ndoa na ugomvi wa mipaka. Sasa ikawa humohumo tunapima mavi ya mbwa. Samahani, kinyesi. Waraka ulikataza lile neno la kwanza.

Ijumaa ya mwanzo walikuja watu hamsini na wawili. Nikapima, nikaandika jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, uzito, rangi na maoni. Safu ya maoni ilinitatiza. Nikaandika "kawaida" mara hamsini na mbili.

Waraka ulieleza kwa kirefu namna ya kuipokea mifuko. Haukueleza ipelekwe wapi. Nilipopiga simu wilayani nikaambiwa lori litakuja. Lori lilikuwepo kweli, ila mafuta yake yalikuwa yamekwisha kwenye msafara wa Waziri alipokwenda kulizindua.

Wiki ya tatu mifuko ikafika usawa wa dirisha. Wiki ya sita ikaliziba. Joto likaipasha, ikavimba na kumetameta, na ukiitazama kwa makini uliona kitu kinatembea ndani. Siku moja tulikuwa na ndoa. Bibi harusi ameinama kutia sahihi, mfuko mmoja ukapasuka juu ya kabati. Sitaeleza uliangukia wapi. Nitasema tu kwamba shela lake lilikuwa jeupe, na kwamba alitia sahihi hivyohivyo, kwa sababu foleni ya ndoa ni ndefu.

Nilikuwa nikirudi nyumbani na harufu ile kwenye nywele. Mke wangu akanihamishia sahani yangu barazani. Nikajiambia kwamba hiyo ndiyo harufu ya maendeleo, na kwamba nchi zilizotutangulia lazima nazo zilinuka hivyo mwanzoni.

*

Katika kata nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakuleta mfuko hata mara moja. Aliitwa Bi Nyamizi, mjane, aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja mpaka mashine zikamla masikio. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na uhai kidogo, ukisimama upande huo na kusema polepole huku akikutazama midomo.

Mbwa wake alikuwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Aliitwa Hawakomi. Kwetu mtu humpa mbwa jina ambalo angependa majirani walisikie, na majirani wa Bi Nyamizi waliwahi kumsogezea uzio mara mbili.

Mbwa huyo ndiye aliyekuwa akisikia kwa niaba yake. Mtu akipiga hodi, Hawakomi hakubweka. Alishagundua zamani kwamba kubweka hakumfai kitu mama yule. Alimwendea akamgusa goti kwa pua, kisha akatazama mlangoni. Sufuria ikichemka na kumwagika, anamgusa. Mvua ikianza na nguo ziko kambani, anamgusa. Wawili hao waliishi hivyo miaka minane.

Nilimwendea kwa wema, kumkumbusha sheria.

"Shikamoo, Bi Nyamizi."

"Marahaba, Telesfori. Umekonda. Halafu unanuka."

"Ni kazi, mama. Nimefuata mfuko wa Hawakomi."

"Mfuko wa nini?"

"Wa kinyesi."

"Wa nini?"

"Kinyesi," nikasema kwa sauti, na jirani akafungua dirisha kunitazama.

Akanishika mkono akanizungusha uani. Nyuma ya nyumba palikuwa na mashimo mafupi kati ya migomba, moja likiwa wazi na jembe limesimama kando. Akanionyesha kwamba mbwa hujisaidia hapo, na yeye hufukia kwa majivu na majani makavu. Shimo likijaa anachimba lingine. Mgomba wa mwisho ulikuwa na mkungu mnene ambao ulihitaji nguzo. Mbwa alikula ukoko wa ugali, vichwa vya samaki na maganda ya viazi yaliyochemshwa. Viroboto mama aliwaondoa kwa kumwosha na maji ya mwarobaini. Mbwa alilalia gunia lililojazwa nyasi, na nyasi zikichakaa zinakwenda bandani kwa kuku.

"Hakuna kitu cha mbwa huyu kilichowahi kutoka nje ya uzio wangu," akasema. "Sasa unataka nikichimbue, nikitie kwenye nailoni, nikuletee wewe. Ukakifanyie nini?"

"Nikipime, mama."

"Halafu?"

"Nikiandike."

"Halafu?"

Waraka uliishia hapo. Akanikatia chane ya ndizi, nikaenda nazo ofisini, na mbele ya jina lake nikaandika neno moja: Hajaleta. Niliandika hivyo wiki kumi na moja mfululizo. Sikuwa na nia mbaya. Kwenye rejesta hakukuwa na safu ya migomba.

*

Kutokana na maandishi yangu hayo akaja Mkaguzi Mkuu, Bwana Kandidus Fumbwe, kijana mnadhifu wa suti ya kijani. Gari lake aliliacha linanguruma barabarani kwa saa mbili ili ubaridi usipotee. Alivaa glavu nyeupe za plastiki. Kila alipogusa kitu alizivua, akazitupa kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba, akavaa nyingine. Aligusa vitu vingi. Glavu zilikwenda na maji zikiwa zimeinua vidole, kana kwamba zinatuaga.

Mimi nilisimama upande wa sikio la kulia, nikiwa mkalimani.

"Mbwa anaitwa nani?" akauliza Mkaguzi.

"Hawakomi," akajibu Bi Nyamizi.

"Nani hawakomi?"

"Mbwa, mheshimiwa," nikasema.

Akaandika: jina la uchochezi.

"Chakula chake kina cheti?"

"Kina nini?"

"Cheti, mama," nikamwambia sikioni.

"Kina chumvi kidogo tu. Nyingi inamwasha ngozi."

Akauliza cheti cha mwarobaini, cha majivu, cha gunia. Alipofika kwenye migomba hakuuliza. Alitikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. Mwishowe akajumlisha. Hawakomi alikuwa amepata sifuri kati ya mia.

Akanieleza, kwa kuwa mimi ni mtumishi mwenzake, kwamba alama za juu kitaifa zilikuwa tisini na nane. Zilipatikana na Prinsi, mbwa wa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Prinsi ni wa mbegu ya nchi za theluji, mwenye manyoya ya kufika chini, na anaishi kwenye chumba chenye viyoyozi viwili na jenereta inayowaka muda wote. Nyama yake ya kopo huletwa kwa ndege kila Jumatano. Vyote hivyo vina vyeti. Alama mbili alipunguzwa kwa sababu aliwahi kula nyasi za bustanini ambazo hazikusajiliwa.

"Na huyu je?" nikauliza.

"Huyu atapelekwa Kituo cha Kuwarejesha Wanyama kwa Mazingira," akasema, akanipa karatasi. "Tia sahihi hapa, karani. Na muhuri."

Kama nilivyotia kwa mbwa wengine arobaini waliokosa alama kabla yake, nikatia. Jina la kituo lilinipendeza. Nilipolisoma niliona msitu, na mbwa wanafunguliwa kamba, wanakimbia kwenye umande.

Bi Nyamizi alidhani mbwa anapelekwa kuchanjwa. Alimshika mwenyewe, akampapasa shingo ili atulie, Mkaguzi akamtia kitanzi cha waya. Mbwa aliposukumwa garini ndipo mama akanigeukia.

"Anarudi saa ngapi?"

"Harudi, mama. Anarejeshwa kwa mazingira."

Akanitazama midomo kwa muda, kama mtu aliyesoma neno asiloliamini.

"Mazingira gani?" akasema. "Hapa ni wapi?"

*

Siku kumi baadaye alikuja ofisini. Hakuwahi kuingia humo tangu mifuko ianze, na alipofungua mlango akaziba pua kwa khanga. Nilimpa kiti. Hakukaa.

Aliniambia kwamba siku mbili baada ya mbwa kuondoka alikuwa akiosha vyombo mchana, maharage yako jikoni. Alipogeuka akakuta jiko peke yake linawaka. Mtu alikuwa ameingia, akaibeba sufuria ya maharage ikiwa inachemka, akaondoka nayo. Jioni ya siku iliyofuata akageuka akamkuta mwanamume asiyemjua amesimama katikati ya chumba, anamtazama tu. Hajui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alipopiga kelele yule mtu akacheka akatoka, taratibu.

"Sasa nakaa nimeutazama mlango," akasema. "Siku nzima. Sioshi, silimi, kwa sababu nikifanya lolote nitaupa mlango mgongo. Nipeleke nikamwone mbwa wangu, Telesfori. Wewe ndiye uliyetia sahihi."

Nikamwambia kituo kiko wilayani, karibu na uwanja, na kwamba Jumamosi kuna Sherehe ya Kijani hapohapo, Waziri anakuja na mimi nimealikwa. Nikamwahidi nitakwenda naye asubuhi, atamwona mbwa akiwa mwenye furaha, na moyo wake utatulia. Nilisema hivyo nikiamini.

Kwa heshima ya sherehe hiyo lori lilikuja Alhamisi. Vibarua walipakia mifuko ya miezi minne, mingine ikipasukia mabegani mwao. Nikamuuliza dereva anaipeleka wapi. Akasema ameambiwa tu isionekane na Waziri. Aliipeleka mlimani, kwenye chanzo cha kijito chetu, mahali ambapo bomba la maji la wilaya linaanzia, na Waziri hakuiona.

Ijumaa mabomba yalikohoa, yakatoa maji ya rangi ya chai yenye vipande vya kijani. Watu walikunywa, maana ndiyo maji yaliyokuwepo. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeinama. Nikabandika tangazo mlangoni kuwashauri wananchi wachemshe. Maji yalipochemka yalitoa povu, na povu lilinuka ofisi yangu.

*

Kituo cha Kuwarejesha Wanyama kwa Mazingira kilikuwa machinjio ya zamani. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya ya majani ya mpunga. Tulifika mapema, Bi Nyamizi amevaa gauni la Idi, mkononi kashika ukoko wa ugali uliofungwa kwa jani la mgomba.

Nina aibu kueleza kitu cha kwanza nilichokihisi. Kilikuwa harufu ya mchuzi. Ilikuwa harufu nzuri, ya nyama iliyoiva na vitunguu, na mimi sikuwa nimekunywa hata chai. Mate yakanijaa mdomoni.

Ndani kulikuwa na pipa la chuma linalotokota juu ya moto. Pembeni mashine ya kufunga makopo, imezimika, kwa sababu umeme wa wilaya nzima ulikuwa umeelekezwa kwenye spika za uwanjani. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia kamba za shingoni: za katani, za ngozi, za vipande vya khanga, moja ya shanga ambayo nilimkumbuka mwenyewe. Kwenye kona kulikuwa na rundo limefunikwa turubai, na nzi juu yake walikuwa wengi hadi turubai likaonekana linapumua. Mkono wa mbwa ulikuwa umetokeza chini. Ulikuwa na soksi nyeupe ya manyoya.

Mezani makopo yalikuwa yamepangwa vizuri. Yalikuwa na picha ya jani na picha ya mbwa anayecheka, na maneno: Chakula Kijani, Asilia ya Nchi Yetu.

Mate yaliyokuwa mdomoni sikuyameza. Nikatafuta mahali pa kuyatema nikakosa, nikayatema kwenye leso.

Bwana Kandidus alitupokea kwa bashasha. Alikuwa mtu asiye na hila, anaipenda kazi yake.

"Umeona, karani? Mbwa anakula, anachafua, anakufa, tunapata hasara. Sasa tumeufunga mzunguko. Mbwa ndiye chakula cha mbwa. Hakuna ndege ya kuleta makopo, hakuna takataka. Hata hao walioendelea hawajafika hapa."

Nikamuuliza yule wa sifuri yuko wapi. Akasema tuna bahati, umeme ulikatika kabla ya zamu yake. Akatuonyesha vizimba tisa kwenye ukuta wa nyuma.

Hawakomi alikuwa kwenye cha sita. Hakubweka. Aliitoa ncha ya pua kwenye nyavu na kumtafuta goti mama yake.

"Naomba arudi nyumbani, mheshimiwa," nikasema. "Huyu mama hasikii."

"Ningependa," akasema Bwana Kandidus, na naamini angependa. "Lakini fomu ya kutoa haipo. Iliyopo ni ya kuingiza. Tumeiomba wizarani."

Wakati tunaongea, Bi Nyamizi alikuwa ameshatazama turubai, na kamba za ukutani, na pipa. Aliweka ukoko wake chini na kukishika kizimba. Komeo lake lilikuwa la kuinua na kuvuta, kama la milango ya mashine za kufulia, na yeye alikuwa ameinua na kuvuta miaka thelathini na moja. Likafunguka mara moja.

"Mama, hairuhusiwi," akasema Bwana Kandidus.

Alikuwa amesimama upande wa kushoto. Mama akafungua cha saba.

"Mama, simama. Mama, hii ni mali ya serikali."

Akafungua cha nane, na cha tisa, akarudi kufungua cha kwanza. Mkaguzi alimfuata akipaza sauti kwenye sikio lililokufa, amenyoosha mikono lakini hamgusi, kwa sababu hakuwa amevaa glavu. Mbwa walitoka kimyakimya, wamebana mikia, wakapita kando ya turubai bila kunusa, wakatokomea mlangoni. Wa mwisho kutoka alikuwa Bi Nyamizi, amemfunga Hawakomi kwa mtandio wake.

Mimi nilisimama pale. Nataka ieleweke kwamba sikumzuia. Wala sikumsaidia.

Bwana Kandidus alifuta jasho, akatazama saa. "Beba lile boksi," akaniambia. "Waziri amefika."

Nikalibeba.

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wameletwa na malori tangu alfajiri, na wengi wao walikuwa bado wanaumwa matumbo, kwa hiyo kila mara safu moja ilisimama na kukimbilia vichakani huku bendi ikiwapigia. Waziri alipanda mti. Ulikuwa mti wa nne kupandwa kwenye shimo lile, na mawaziri watatu wa wizara nyingine waliomtangulia walipigiwa makofi vilevile. Kisha akanawa mikono kwa maji ya chupa akashika kipaza sauti. Miguuni pake alilala Prinsi, anahema, ulimi nje, watumishi wawili wakimpepea.

"Ndugu wananchi," akasema, "mbwa wa jana alikuwa mzigo. Mbwa wa leo ni rasilimali. Ndani ya miezi minne kata hizi zimepunguza kinyesi kwa asilimia sabini. Wageni wananiuliza, Daktari, mmetumia mbinu gani? Nawaambia, upendo. Upendo kwa wanyama na upendo kwa ardhi."

Akanipungia nisogee. Nikaweka boksi mezani. Akafungua kopo, akammiminia Prinsi kwenye sahani ya kaure, na Prinsi akala kwa pupa, akalamba sahani, akalamba na viatu vya Waziri palipodondokea. Watu wakapiga makofi.

"Kuna wanaosema chakula hiki si safi," akaendelea. "Mimi ni kiongozi wa mfano." Akachukua kijiko, akachota, akala. Akatafuna taratibu, macho yamefumba kidogo. Mchuzi ukamtoka pembeni mwa mdomo, akaurudisha kwa kidole. "Kitamu," akasema. "Kina ladha ya nyumbani."

Kisha akachota tena, na kijiko kilekile akaninyooshea mimi.

"Na karani wetu, mchapakazi wa ngazi ya chini. Aonje kwa niaba ya wananchi."

Mstari wa mbele walikaa wakubwa wote wa wilaya. Kamera ya taifa ilikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Ndani ya kijiko kulikuwa na kipande cha kijivu chenye ngozi laini upande mmoja, na kwenye ngozi unywele mmoja mweupe. Niliutazama. Nyuma ya umati, karibu na lango, alisimama Bi Nyamizi na mbwa wake. Alikuwa mbali mno kusikia neno lolote hata kama masikio yake yangekuwa mazima. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikafungua mdomo nikala. Nilidhani nitatapika, na kusema kweli nilikuwa nikitumaini. Sikutapika. Kilishuka kama chakula kingine chochote.

*

Mwaka ule nchi yetu ilipata tuzo ya kimataifa kwa kupunguza taka za wanyama wa nyumbani. Mheshimiwa Waziri alikwenda kuipokea pamoja na Prinsi, ambaye alipata kiti chake kwenye ndege. Bwana Kandidus ameandika kitabu cha mwongozo. Kituo kimefungwa kwa muda kwa kukosa malighafi, kwa kuwa watu wa Mabonde wenye mbwa wanawaficha ndani na wamewafundisha kutobweka. Mimi nimepandishwa cheo kuwa Mratibu. Nimepewa kiti chenye magurudumu.

Bi Nyamizi hakuna aliyemfuata. Tukio la vizimba Mkaguzi hakuliandika, maana nalo halikuwa na fomu. Nilikaa wiki tano bila kupita kwake. Siku niliyopita ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi. Nilikuta mlango wazi na yeye ameupa mgongo, anaosha vyombo. Hawakomi akainuka akamgusa goti, kisha akanitazama. Hakunisogelea. Alivuta hewa mara moja upande wangu, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Shikamoo, Bi Nyamizi."

"Marahaba."

Hakunikaribisha ndani. Alitoka, akafuta mikono, akasimama akinielekezea sikio lake la kulia.

"Ulijua ni nini?" akauliza.

"Nilijua, mama."

"Kabla hujafungua mdomo."

"Kabla."

Akaingia ndani. Nikadhani amenifungia. Akarudi na ndoo ya maji ya mvua, kwa sababu maji ya bomba bado yalikuwa hayanyweki, na kata ya kuchotea. Hakunipa kata nishike. Aliniambia nikinge viganja, akanimiminia kutoka juu, chombo kisiniguse.

"Sukutua."

Nikasukutua, nikataka kutema pale niliposimama.

"Si hapo," akasema. "Toka nje ya uzio wangu."

Nikatoka, nikatema barabarani, nikarudi langoni. Akanitazama mdomo kwa muda mrefu, akachota tena.

"Bado," akasema. "Kinga."